Pikapu Yenye Moyo wa Trekta

Nimeishi Makambako, Tunduma, Kahama na kwingine ambako hata mabasi hayakai sana, na kila nilikohamia nilipanga chumba karibu na barabara. Mahali pasipo na mlio wa dizeli silali vizuri. Watu huniuliza kama niliwahi kuwa utingo. Sikuwahi. Nililelewa na baba mdogo pale Bulyaga, Tukuyu, na baba mdogo alikuwa na pikapu.

Pikapu yenyewe aliitengeneza Mjapani, lakini injini iliyokuja nayo ilikufa miaka ya uhaba, wakati hata sabuni ilikuwa ya kujuana na mtu. Siku hizo hakuna aliyechagua injini. Baba mdogo alipata ya trekta, iliyotolewa kwenye trekta bovu la shamba la chai, ikalazimishwa kuingia kwa nyundo na kuchomelea, na tangu siku hiyo boneti haikufunga tena. Ikitoka Kyimo, Tukuyu mjini walijua. Mhubiri alisimama katikati ya sentensi, akaisubiri ipite, akaendelea na dhambi zetu.

Mlio ule ulikuwa na kazi. Kwetu mwanamke na baba wa mume wake hawaonani uso kwa uso. Mke akisikia mkwe anakuja, anajificha. Mkwe akimwona kwa bahati mbaya, anageuza uso. Kanisani tulishaambiwa mara nyingi kwamba wakwe wasalimiane kama Wakristo. Tukaitikia amina, tukaendelea kujificha. Mtoto wa baba mdogo alikuwa na kibarua Mbeya, na mke wake, yaani shemeji yangu, alibaki pale nyumbani akipika na kulima. Basi pikapu ikifika kona ya mparachichi, baba mdogo alikanyaga mafuta mara mbili, vuu, vuu, na mlango wa jikoni ukafungwa. Ndipo alipoingia uani. Miaka yote hiyo hawakuwahi kufumaniana.

Kisha likaja soko huria. Kiwanda cha chai kilichokuwa chetu sote, kwa maana kwamba hakuna aliyejua ni cha nani, kikapata mwekezaji. Baba mdogo, dereva wa lori la majani mabichi tangu nilipokuwa sijajua kufunga vifungo vya shati, akapunguzwa. Ndivyo walivyosema: kupunguzwa, kama kucha. Kuanzia hapo alibeba ndizi za watu kwenye pikapu yake, lakini hakukubali kuitwa mfanyabiashara. Alikuwa dereva asiye na lori, na hakuna mtu mpweke kuliko huyo. Lori la kiwandani likipita barabarani aliangalia chini, akajifanya anakagua tairi.

Meneja mpya alitoka nchi jirani na ugonjwa wake ulikuwa mbio za magari. Kulikuwa na kipande cha chai kilichong'olewa kikisubiri miche mipya, naye akachonga humo njia ya kuzunguka, udongo mtupu. Akatangaza mashindano ya Jumamosi kwa magari ya kawaida, injini ndogo za petroli tu, ili wenye magari makubwa wasiwaonee wanyonge. Atakayeshinda atapewa usukani wa lori jipya la majani.

Habari ilimkuta baba mdogo kwa kinyozi. Alitoka na ndevu za upande mmoja.

"Lori langu hilo," aliniambia. "Wamelipaka rangi nyingine tu."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nasubiri taifa linihitaji. Akaniteua kuwa msoma njia, ingawa njia ilikuwa ya kuzunguka na ungeweza kuiona yote ukiwa umesimama juu ya ndoo.

Jioni ile uwanja wetu ulijaa wataalamu. Miaka ya uhaba hakuna aliyekuwa na maoni kuhusu magari. Sasa soko liliporuhusu, kila mtu aliagiza maoni yake. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye sikuwahi kumwona hata juu ya baiskeli, ndiye aliyesema kuliko wote.

"Chukua teksi," alisema. "Iko chini chini. Upepo unapita juu."

"Upepo utapita juu, tope litapita wapi?" baba mdogo akamuuliza. "Tumbo lake litakwangua udongo kama jembe."

"Basi tafuta gari la Mfaransa. Lina springi laini, unakaa kama bwana harusi."

"Mimi sitaki kukaa. Nataka kufika."

Mwisho alichagua pikapu yake mwenyewe, kwa sababu ambazo hadi leo naziona za busara: ilikuwa nyepesi, magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma, na kila alama ya kubonyea aliijua ilitoka wapi. Tatizo lilikuwa moyo wa trekta. Sheria haikuuruhusu. Basi tukaenda Kyimo kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa na injini za mtumba kutoka Japani zimepangwa chini ya turubai kama mbuzi mnadani. Baba mdogo alizizunguka, akashika moja, akaiacha, akarudi. Maskini, alikuwa hajawahi kuchagua kitu. Hata mke alitafutiwa. Niliona jasho linamtoka kwenye ile baridi ya Kyimo.

"Hii ina nguvu kuliko zote," alisema, akionyesha moja iliyojaa mabomba na nyaya.

"Nguvu ya juu utaitumia wapi, tata?" fundi alijibu, akimwita baba kwa lugha ya kwetu. "Njia yenyewe kona tupu. Kabla haijachanganya umeshakanyaga breki. Chukua hii ndogo, inavuta kutoka chini. Na ile yenye nyaya ikiingia maji utatafuta mtu wa kompyuta, mimi sipo hapo. Hii ina kabureta tu. Ikigoma, unaifungua, unapuliza, unaondoka."

Akaifunga betri, akaiwasha. Baba mdogo akainamisha sikio.

"Mbona haisemi?"

"Inasema, tata. Inasema taratibu, kama mtu aliyesoma."

Tulicheka sote watatu, na ile ndiyo ikawa yetu. Tulilala Kyimo, fundi akaifunga, na kwa kuwa pikapu ilikuwa nyepesi mno nyuma, tukapakia mikungu kadhaa ya ndizi mbichi juu ya ekseli ili matairi yashike. Jumamosi asubuhi tulikwenda moja kwa moja shambani bila kupita nyumbani. Boneti ilifunga. Njia nzima baba mdogo alikuwa akiniuliza, "Imezima?" nami nikimjibu haijazima.

Magari yalikuwa manne: sisi, teksi ya mjini, gari la mwalimu mmoja wa sekondari lililosukumwa hadi mstarini, na la Mfaransa, ambalo springi zake laini zililitupa nje kwenye kona ya kwanza likakaa huko kama bwana harusi kweli. La mwalimu liliishia kwenye tope. Ikabaki teksi, na teksi ilikuwa inakwangua udongo kama baba mdogo alivyotabiri. Ile injini ndogo ilivuta kutoka chini kwa utii, ndizi zikakandamiza matairi, na sisi tukawa mbele. Wachumaji chai walikuwa wamepanda juu ya magunia, wakipiga kelele. Mzee wangu alitabasamu. Tangu apunguzwe nilikuwa sijaona meno yake.

"Wanioneshe hilo lori," alisema.

Mzunguko ulikuwa wa mwisho. Shemeji naye alikuwa njiani. Alipika mbalaga, ndizi zile za kupikwa na nyama, chungu kizima cha kumpongeza mkwe wake, na mpango wake ulikuwa mzuri: akabidhi chungu kwa wanawake wenzake waliokuwa kwenye kona ya mwisho, na akisikia pikapu inakaribia, ajifiche nyuma yao. Alisikia magari, lakini yale hayakumhusu. Alikuwa anasikilizia trekta.

Tuliingia kona. Alikuwa pale ukingoni, upande wangu, peke yake mbele ya kamba ya watazamaji, chungu kichwani, mikono yote miwili juu akikishika. Hakuweza kukimbia wala kuinama. Alituangalia kama mtu aliyeona gari limetoka ardhini.

"Kona inakwenda kushoto!" nilipiga kelele. "Baba, kushoto!"

Baba mdogo alifanya lile ambalo mkwe mwenye adabu hufanya. Alinyanyua mkono akajifunika uso, akageukia dirisha la upande wake. Mikono hufuata shingo. Pikapu nayo iligeuka kwa heshima, ikaacha njia, ikaingia kwenye chai ambayo haikuwa imeng'olewa, ikapita katikati ya mistari, na ikatulia ndani ya mfereji, mikungu ya ndizi ikiwa imehamia mbele kututembelea.

Teksi ilipita ikikwangua, ikashinda.

Wanawake walikuwa wa kwanza kufika. "Ona," mmoja alisema akicheka hadi akashika kiuno, "chungu hakijadondoka, kilichodondoka ni gari!" Shemeji alikuwa ameshatokomea migombani.

Meneja alikuja mbio. "Umepatwa na nini, mzee? Ulikuwa umeshinda!"

Baba mdogo alikuwa bado ameangalia pembeni. Nikajibu mimi. "Alimwona mkwe wake."

"Amemgonga?"

"Hapana. Amemwona."

"Si angeangalia mbele tu?" meneja akauliza. "Sekunde moja tu, na lori lingekuwa lake."

"Ningelipata," baba mdogo akasema. "Halafu jioni ningelipeleka kulala nyumba gani?"

Dereva wa teksi alikabidhiwa ufunguo, na sisi tulivutwa kutoka mferejini na trekta, jambo ambalo wataalamu wa Bulyaga walilizungumza kwa muda mrefu. Baba mdogo hakukubali kurudi nyumbani na ile injini. Tulirudi Kyimo kwanza, fundi akinung'unika, "Tata, umeshachagua, unarudishaje?" Lakini alirudisha. Nyundo zililia tena, boneti ikabaki wazi.

Tulipofika kona ya mparachichi jioni, lori jipya la majani lilikuwa linashuka, na ukungu ulikuwa umeshika. Baba mdogo alisimama kulipisha. Safari hii hakukagua tairi. Aliliangalia mpaka lilipomezwa na ukungu, kisha akakanyaga mafuta, vuu, vuu, akazima mazungumzo yangu kwa mkono, akasikiliza.

Mlango wa jikoni ulifungwa.

Tukaingia. Kwenye kigoda uani palikuwa na chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba, kimepashwa, bado cha moto.