Mashimo ya Yakobo

Kiwanda cha nguo kilipouzwa, watu wa Morogoro mjini waliambiwa kwamba huo ndio uchumi mpya, wavute subira. Ilikuwa miaka ya ruksa: ruksa mitumba, ruksa vitenge vya nje, ruksa kila kitu isipokuwa mshahara. Yakobo Mkude, msimamizi wa zamu katika ukumbi wa kufumia, alivuta subira nje ya geti pamoja na wenzake mpaka geti lenyewe likafungwa kwa mnyororo. Alikuwa ameingia pale kijana asiye na ndevu. Alitoka na mvi, na ngurumo za mitambo zikiwa bado zimemjaa masikioni.

Mkewe Joyce alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo walikubaliana yeye abaki mjini na watoto, naye Yakobo apande kwao Matombo akalime. Kila aliyeusikia mpango huo aliusifu. Aliyeuogopa ni Yakobo peke yake, na hakumwambia mtu.

Kwao Matombo maana yake ni kwa mama yake. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na shamba ni la ukoo huo. Mwanamume hulima na kula, ila wanawe hawalirithi, watarithi wa upande wa dada yake. Basi alipofika alikwenda moja kwa moja kwa Maria, dada yake mjane, aliyemzidi umri kiasi cha kumbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda," Maria alisema, kisha akampeleka kwenye kipande cha shamba mteremkoni, juu ya kijito. "Hili ni la mwanangu Eva. Yuko Mlali kwa mumewe, lakini iko siku atalitaka. Lima mahindi, lima maharage. Migomba usipande. Unajua."

"Najua, Dada."

Alijua kweli. Mahindi huvunwa yakaisha, shamba likabaki la mwenyewe. Mgomba haukomi, huzaa watoto, na watoto wake huzaa wengine. Kupanda mgomba katika shamba la kuazimwa ni kutangaza kwamba shamba hili sasa ni langu, na kule milimani ndugu wameacha kuzikana kwa neno hilo. Mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Shida ilimkuta kanisani. Jumapili moja, baada ya komunyo, padri alikaa, kwaya ikanyamaza, waumini wakainamisha vichwa. Katika kimya kile moyo wa Yakobo ukaanza kwenda mbio. Hakuna aliyemkimbiza. Jasho lilimtoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma kushuka chini ya koo, na wazo moja likamjaa kichwani: nakufa, nakufa hapa hapa kwenye benchi mbele za watu. Alitoka nje akajishikiza ukutani. Baadaye kidogo hali ile ikapita, akabaki na aibu.

Mwinjuma, mganga wa zahanati, alimpima kila mahali pa kupimwa.

"Moyo huu ni mzima, Mzee Yakobo. Presha yako ni ya kijana. Una mawazo tu. Punguza mawazo."

"Nayapunguzaje?"

Mwinjuma alifikiri. "Usiwaze sana," akasema.

Alisema kwa nia njema kabisa. Yakobo alimshukuru, akarudi kwenye kibanda chake na mawazo yake yote.

Hofu ikamzoea. Ilimjia akimenya muhogo, ilimjia akisalimiana na watu njiani, mpaka akaacha kukaa na wenzake barazani. Halafu siku moja ilimkamata shambani, na kwa kuwa sururu ilikuwa karibu, akaishika akaanza kupiga ardhi, bila sababu yoyote. Udongo ule una mawe. Alipiga, akang'oa jiwe, akalitupa, akapiga tena. Shimo lilipomfika magotini, aligundua kwamba anapumua. Moyo ulikuwa umetulia kifuani kama vile haukufanya lolote. Tangu hapo, kila hofu ilipokuja, alichimba.

Sasa, mtu anayechimba mashimo mteremkoni huonekana, na Matombo si mahali pa kupita bila kuuliza. Jirani mmoja alisimama njiani na tenga lake la ndizi kichwani.

"Mzee Yakobo, shimo la nini hilo?"

Angejibu nini? Mtu aliyekuwa akiinua kidole tu na ukumbi mzima wa kufumia ukamwelewa, aseme nachimba kwa sababu naogopa? Alitazama lile tenga.

"La mgomba," akasema.

Na akishasema hivyo, ikabidi aupande. Alitafuta chipukizi, akalitia shimoni, akafukia. Kesho yake alichimba jingine, na jirani mwingine akapita. Mvua zilipokuja, migomba ilifungua majani yake mapana kwenye shamba la Eva, safu juu ya safu, ikaonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Yakobo aliitazama akaona wazi alichokifanya. Lakini hofu ilipomshika tena, mikono yake haikungoja shauri, ilifuata sururu.

Kila aliposhuka mjini, Joyce alimuuliza, "Vipi huko?" Naye alijibu, "Salama. Hewa nzuri sana."

Habari zilimfikia mjomba wao Fransisko, msemaji wa ukoo, mzee mwenye hasira za karibu. Aliitisha kikao nyumbani kwa Maria. Eva alikuja kutoka Mlali na mtoto mgongoni. Alipita mbele ya Yakobo bila kumpa shikamoo, akaketi akitazama pembeni. Jambo hilo lilimuuma Yakobo kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

"Mpwa wangu," Mjomba Fransisko alianza, "huko bondeni wenye fedha wananunua ardhi kama wananunua nyanya. Na wewe umerudi na ujanja huo huo? Hii migomba umempandia nani? Wanao?"

Asubuhi Yakobo alikuwa ametayarisha jibu. Angesema amekaa mjini mno, mila zimemtoka. Uongo ule ungemwokoa. Wazee hupenda kumsamehe mtu wa mjini kwa ujinga wake. Kama si hivyo, angeondolewa shambani kama mwizi, na jina hilo lingefuata wanawe. Lakini Maria alikuwa anamtazama.

"Nilikwambia, Yakobo."

"Uliniambia."

"Ukasema unajua."

"Nilijua, Dada."

"Basi umetudharau," Mjomba akasema, na baraza zima likanyamaza.

Katika kimya kile moyo ukaanza. Yakobo aliusikia ukija, na safari hii hapakuwa na ardhi ya kupiga, palikuwa na mkeka na nyuso za ndugu zake. Mikono yake ilitambaa juu ya magoti ikitafuta mpini usiokuwepo. Maria aliiona ile mikono.

"Yakobo, una nini?"

"Sikupanda migomba, Dada."

"Tumeiona kwa macho!" Mjomba akafoka.

"Nilikuwa nachimba mashimo. Migomba niliitia ili watu wasiniulize nachimba nini." Sauti ilimtoka vipande vipande. "Moyo unanikimbia. Ulianza kanisani. Mganga anasema sina kitu, lakini naona nakufa, hata sasa hivi naona nakufa. Nikichimba unatulia. Naogopa, Dada. Kiwanda kimekufa, nikiamka sijui niende wapi, sijui mimi ni nani. Naogopa kila siku."

Mjomba Fransisko, ambaye hakuwahi kukosa neno kikaoni, alitazama viatu vyake. Maria alingoja mpaka pumzi ya mdogo wake ikapungua, ndipo akatoa hukumu, maana shamba lilikuwa la kwake kulisemea.

"Migomba ni ya Eva. Shamba ni la Eva, na leo linarudi kwake. Hilo limekwisha." Mjomba aliitikia kwa kichwa. "Wewe kile kibanda unacholala peke yako utakifunga leo. Unahamia kwangu. Hofu ikikushika, sururu uiache. Niite."

"Dada, watu watasikia."

"Wasikie. Joyce anajua?"

"Hajui."

"Utashuka umwambie kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Watu walipokuwa wakiondoka, Eva alisimama mbele yake akimweka mtoto vizuri mgongoni. "Shikamoo, Mjomba," akasema polepole. Yakobo akampa mkono.

Asubuhi iliyofuata Maria alikwenda kijitoni kufua pamoja na wanawake wengine. Yakobo alibaki uani akipukuchua maharage. Ikaja. Alishika mwimo wa mlango. Sururu ilikuwa imeegemea ukuta, hatua chache tu, na njiani palikuwa na wanaume wakishuka na matenga yao. Hofu ya kufa na hofu ya aibu zilimvuta huku na huku, na hakujua ni ipi iliyokuwa kubwa.

"Dada," akasema, na hata kuku hawakugeuka.

Akavuta pumzi.

"Dada! Dada Maria, njoo! Naogopa!"

Wanaume wakasimama njiani. Kule chini wanawake wakainua vichwa. Maria aliacha nguo majini kama zilivyo, akapanda kilima peku, akihema, mikono ikichuruzika povu. Aliketi chini vumbini kando ya mdogo wake, akamshika kiganja, wala hakumwambia apunguze mawazo. Kijitoni, kanga yake moja ilichomoka kwenye jiwe ikaanza kwenda na maji. Wenzake walimpigia kelele. Maria aliiona ikienda, na hakuinuka.