Zabibu za Kizuka

Asubuhi moja, kabla mambo hayajaharibika, mume wangu, Baba Anna, alikuwa akibishana na Padri juu ya mawe. Kizuka kulikuwa na udongo mweusi wa kutosha, lakini Padri yule Mfaransa alipanda mizabibu yake juu kwenye changarawe inayotazama ziwa. Alisema kwao divai hubeba ladha ya udongo wake, na mzabibu ukishiba hauzai kitu cha maana. Baba Anna alikuwa akiimwagilia kwa siri, na akigombezwa. Kila jioni mimi naletewa habari za udongo wa Ufaransa, na unga ndani sina.

Vita vikaja. Wadachi, Wajerumani waliotutawala, wakamchukua Padri kwa sababu ya Ufaransa wake, wakampeleka Usumbura. Akiondoka alimwambia mume wangu, "Usivune mpaka ziwe nyeusi kabisa. Nakuachia wewe."

Neno hilo ndilo lililotumaliza.

Askari walianza kukamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Kaka yangu akatayarisha mtumbwi wa kutuvusha ng'ambo ya ziwa.

"Baba Anna, twende."

"Ziko nyekundu bado, mama Anna. Kesho kutwa."

"Zabibu zitakuzika?"

"Nimeshatoa neno."

Kesho yake askari wakamkuta huko huko kwenye mawe, kikapu mkononi.

Hakukimbia.

Nilizivuna mwenyewe, kwa hasira. Mambo ya divai siyajui. Nikazikamua kwa nyasi kama ndizi za urwarwa, pombe yetu, nikatia unga wa mtama wa kukaanga, nikaacha mtungini. Ndipo mtu wa Kabezi, aliyebeba mizigo pamoja naye, akaleta habari: kuhara damu, porini, na msafara haukusimama. Siku ya kuondoa msiba watu walikunywa mtungi ule, maana kwetu msiba hauondoki pakavu.

Wadachi walipokimbia, Padri akarudi. Hata salamu ya amahoro hakunipa, aliuliza zabibu. Nikammiminia pombe iliyobaki. Akaonja, akakunja uso.

"Umetia mtama, mama. Ladha ya udongo imepotea."

Nimezeeka, na bado nikikumbuka maneno hayo nasonya.

Padri akaweka kikombe chini, akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba, akauliza Baba Anna yuko wapi.

"Yuko udongoni, Padri," nikamwambia. "Wa wapi, hakuna anayeujua."