Mikono ya Mlingoti wa Bwana Karim

Hadithi hii inanionyesha mjinga, najua, lakini bora niisimulie mwenyewe kuliko muisikie bandarini Wesha, kule wameshaitia chumvi. Miye bado kijana, ila kusugua matumbo ya mashua nishastaafu, kwa hivyo nina haki ya kukumbuka kama wazee.

Siku ya kwanza kazini Fundi Hamad alinipa msasa na mashua nzima. "Sugua mpaka ujione," akasema. Nikasugua miaka miwili, sijajiona.

Ndipo ikaja boti ya matanga ya Bwana Karim, mwenye duka la rangi Chake. Boti kongwe, mikono ya mlingoti imeoza. Mikono ni zile mbao mbili zilizotoka kushoto na kulia kule juu, zinasukuma waya za kushikilia mlingoti zikae mbali nao. Bila hizo mlingoti unavunjika kama muhogo. Nikachonga mipya ya mvule. Fundi akaitazama.

"Nakwenda mazikoni Kengeja. Kaitie peke yako. Ikikaa sawa, kazi za juu zote zako. Isipokaa, msasa unakusubiri."

Basi nikafunga kamba za kushikilia mlingoti, nikalegeza waya, vijana wa bandarini wakanivuta juu nimekaa kwenye ubao. Nikatoa pimamaji, lile lenye kipovu ndani, nikapima kama fundi wa nyumba. Kipovu kilipokaa katikati nikagonga kabari, nikakaza waya, nikashuka kifua mbele.

Tatizo, maji yalikuwa yamekupwa na boti imeegama ubavu kwenye tope. Miye hilo sikulitia akilini. Maji yakajaa, boti ikasimama wima, mkono mmoja ukaangalia mbinguni, mwengine baharini. Bandari nzima ikaja kutazama.

"Huo wa juu unaomba dua," akasema mchukuzi mmoja. "Na huu wa chini?"

"Unaitikia amin," nikamjibu. Wakacheka.

Sikumngoja Fundi. Nikapanda tena, pimamaji nikaliacha chini, nikapima kwa kamba: kutoka kileleni hadi ncha ya kila mkono, urefu mmoja, nikagonga kabari upya. Fundi alinikuta bado niko juu. Akaizunguka boti kwa mtumbwi mara mbili, Bwana Karim amekaa naye mtumbwini.

Niliposhuka, Fundi akanipa mkono. "Kesho nenda Gando peke yako, kuna mlingoti mwengine. Na ukifika, kabla hujapanda, muulize mwenye boti maji yanajaa saa ngapi."