Yamekwisha kwa Nani?

Siku niliyosikia habari za Wakorea kwa mara ya kwanza, mjukuu wangu, nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Nilikuwa msichana wa kuolewa, nakaa kwa baba yangu, kijijini Hasamba, miaka michache baada ya uhuru. Nikashuka mpaka Nanyala, dukani kwa Bwana Salum, mtu wa Tabora aliyekuja huku na malori akanogewa na baridi yetu akabaki. Bwana Salum alikuwa na redio, ameifunika kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Watu walikuwa wakinunua kibiriti kimoja halafu wanakaa hapo hadi taarifa ya habari iishe, naye hafukuzi mtu.

Basi mtangazaji akasema serikali ya Japani na serikali ya Korea ya Kusini zimetiliana saini. Wajapani waliwahi kuitawala Korea miaka mingi, na sasa nchi hizo zitapelekeana mabalozi, na madai yote ya zamani yamekwisha kabisa. Nikajisemea, vizuri, watu wazima wamepatana. Mara akaongeza kwamba wanafunzi wa Korea wamejaa barabarani wanapinga, na polisi wanawatawanya.

Weee! Nikasahau hata mafuta. Nikauliza, "Bwana Salum, mtu anapatana na adui yake, halafu watoto wake wanakasirika? Hao wana akili timamu?"

Bwana Salum akapunguza sauti ya redio. "Binti, hawa Wajapani walichukua mashamba ya watu. Walipeleka vijana migodini huko kwao, wengine hawakurudi. Hata majina yao Wakorea waliambiwa wayaache, wachukue ya Kijapani. Sasa redio inasema yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Kwa waliokaa mezani. Mama ambaye mwanawe hakurudi, unadhani kuna mtu alikwenda kumuuliza?" Kisha akanicheka kwa jinsi nilivyokodoa macho, akasema yeye ni muuza chumvi tu, nisimhoji kama hakimu.

Ngoja nikueleze kwa nini maneno yale yalinikaba. Nilikuwa nimechumbiwa na Yohana, mtoto wa mwisho wa Mzee Halinga. Nilimpenda Yohana, na sioni haya kulisema, babu yako alikuwa na meno mazuri na mikono isiyochagua kazi. Lakini bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekataa. Na kwetu, bibi akikataa kukutemea maji ya baraka siku unayotoka nyumbani, hutoki. Baba hawezi kusema lolote, mchungaji naye atashauri msubiri.

Sababu ilikuwa ya zamani kuliko baba yangu. Mjerumani na Mwingereza walipopigana huku kwetu, jumbe aliamriwa kutoa wanaume wa kubeba mizigo ya askari, na tarishi wa jumbe alikuwa Halinga, kijana wakati huo. Ndiye aliyekuja alfajiri na kamba, akamchukua mume wa bibi akiwa hajanawa uso. Hakurudi. Bibi alibaki na mimba, ndiyo baba yangu.

Si kwamba hawakupatanishwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, kijana mchangamfu aliyependa mambo yaende, aliwaita baba na Mzee Halinga mbele ya watu. Akahutubia kwamba sasa tuko huru, ya wakoloni yaende na wakoloni. Wazee wakashikana mikono, watu wakapiga makofi. Halinga akaleta mbuzi wazuri kwa bibi. Bibi akawatazama mbuzi, akasema, "Wafungueni warudi kwao, wasije wakala maharage yangu." Akaingia ndani. Sote tukamwona mkaidi, na mimi wa kwanza, maana ndiye niliyekuwa nazeeka nyumbani.

Jioni ile nikamkuta jikoni anapepeta ulezi. Nikamsimulia habari za Wakorea, mwanzo mpaka mwisho. Bibi hakuwahi kwenda mbali kuliko Tunduma, lakini aliweka ungo chini.

"Hao Wakorea," akauliza, "wana bibi zao?"

"Wanao, bibi. Kila mtu ana bibi."

"Waliulizwa?"

"Bwana Salum anasema hawakuulizwa."

Akauliza tena. "Na huyo Mjapani alipokuja kutia saini, alisema alichofanya? Alikitaja kwa kinywa chake?"

Keshoye nikarudi Nanyala kuuliza, Bwana Salum akashika kiuno. Alisema alisikia Wajapani wanasema wanasikitika, lakini kama walitaja kitu kimoja kimoja, hilo hakulisikia. Nikampelekea bibi jibu hilo. Akacheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko kile. "Kusikitika!" akasema. "Hata mimi mvua ikichelewa nasikitika." Ndipo nikamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza nyumbani kwetu, kwamba bibi, wewe unataka nini? Akajibu palepale, kana kwamba jibu lilikuwa limekaa mdomoni miaka yote. "Nataka aseme kwa nini alikuja mlango wangu. Milango ilikuwa mingi."

Sasa mwanangu, unajua desturi yetu. Mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni, wala haongei naye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia porini akageuza mgongo. Siku hizi mnakaa sofa moja mnatazama mpira, haya, zama zenu. Mimi nilihitaji kufikisha neno kwa mtu nisiyeruhusiwa kusema naye, na balozi nilikuwa sitaki tena kumwona.

Nilimsubiri Mzee Halinga alipokuwa anapalilia kahawa yake. Nikasimama upande wa pili wa mistari, nikampa mgongo, nikaanza kuongea na mti wa kahawa. Ala, usicheke! "Wewe mkahawa," nikasema kwa sauti, "bibi yangu hataki mbuzi. Anataka kuambiwa kwa nini ulikuwa mlango wake na si mwingine. Asipoambiwa, mimi nitazeeka kwetu, na mtoto wako atazeeka kwako." Jembe likaacha kugonga udongo. Nikaondoka bila kugeuka.

Zilipita siku nikadhani nimejiharibia. Kisha mchana mmoja Mzee Halinga akaja kwetu, peke yake, bila balozi na bila mbuzi. Akavua kofia. Mimi nikakimbilia nyuma ya ukuta wa jiko, maana sheria ni sheria, lakini masikio nilikuwa nayo.

"Mama," akamwambia bibi, ingawa umri wao ulikuwa mmoja. "Jumbe alisema kila ukoo utoe mtu. Kwetu ilikuwa zamu ya kaka yangu. Nikamficha pangoni. Kamba ilikuwa mkononi na lazima nipeleke mtu. Nikaja kwako kwa sababu nilijua mumeo ni mpole, hatanipiga."

Nikasikia kuku tu wanaparura. Nilitaka bibi apige kelele, amtupie mchi, afanye chochote. Yeye akauliza, "Alisema nini ulipomfunga?"

"Aliuliza nani atamaliza kulima ulezi."

"Niliumaliza mimi," bibi akasema. "Na mimba tumboni." Kisha akalia. Mwanangu, sikuwahi kumwona bibi akilia, nikatoka nyuma ya ukuta nikiwa nalia pia, desturi nikaisahau. Mzee Halinga naye akageuka kutazama zizi ili asinione.

Bibi akaagiza kata ya maji. Kwetu, mwenye kinyongo husema kilichomkaa moyoni, kisha husukutua na kuyatema maji chini, ndipo watu wanajua kifua kimefunguka. Alisukutua, akatema. Akampa Halinga kata ileile, naye akafanya hivyo. Bibi hakusema amesamehe. Alifuta mdomo akasema, "Haya, wale mbuzi wako wapi? Mtoto anaolewa lini?"

Niliolewa mavuno ya mwaka ule. Lakini bibi hakuwaacha Wakorea wake. Kila niliporudi kumsalimia, kabla hajauliza habari za mume au watoto, aliuliza, "Wale bibi wa Korea, wameambiwa?" Nami nilikuwa nimeshapita kwa Bwana Salum kusudi kwa swali hilo. Kila mara nilijibu bado. Alikufa akiwa hajapata jibu lingine. Mimi nimezeeka, redio zimekuwa nyingi, na hadi leo zikitaja Japani na Korea nanyamazisha nyumba nzima. Nasikia mawaziri wanapeana mikono, kisha nasikia ajuza fulani huko amesimama barabarani, hataki fedha, anataka kuambiwa. Mwenzangu yule. Natamani mtu amfikie akiwa bado anasikia.

Kwa hiyo usinitume tena niwakutanishe wewe na ndugu yako mnaogombana, mshikane mikono mbele yangu tule pilau yaishe. Pilau nitakula, lakini haitoshi. Aliyekosa aende kwa yule aliyemuumiza, ataje alichofanya kwa jina lake, asikipunguze. Na wewe uliyeumizwa usione aibu kusema unachotaka kusikia. Watu wakikwambia yamekwisha, waulize kwa nani. Ukimwona mzee amekataa kupatana, usimwite mkaidi kabla hujamwuliza swali lile nililomwuliza bibi.

Niletee kata ya maji. Sogea. Nakutemea maji haya miguuni, utembee bila kamba ya mtu shingoni, na mkono wako usishike kamba ya kumfunga mwingine. Shamba uliloanza ulimalize mwenyewe. Sasa nenda kwa ndugu yako ukamwambie unachotaka kusikia, kungali mchana.