Insha Isiyo na Rasimu

Mwalimu Muriuki alikuwa na mazoea ambayo wenzake waliyaheshimu. Kila Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza, alisoma kwenye simu yote yaliyotokea wiki iliyotangulia katika mambo ya akili unde: programu gani imezuka, inaandika nini, inadanganya vipi. Katika chuo cha walimu alikofundisha Kiswahili, mjini Garissa, hakuna aliyemfikia kwa hilo. Lakini mambo yenyewe yalimwacha nyuma. Alichowaeleza wenzake Januari kilikuwa kimepitwa kufikia Machi. Hata ile programu ya kunasa insha za mashine, aliyoisifu kikaoni, ikaja kuonekana kwamba hukamata wasio na hatia.

Akatafuta njia nyingine. Katika semina moja ya mtandaoni aliambiwa adai rasimu. Aliyeandika kwa jasho lake ana karatasi zilizochafuka. Aliyeandikiwa na mashine hana.

Weris hakuwa na karatasi.

Alikuwa binti wa wafugaji wa Kutulo, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkimya. Akizungumza alisema "kitabu yangu". Insha yake ilihusu kisima kilichokauka na ngamia waliokataa kuondoka hapo, nayo ilikuwa safi, haina kosa, haina neno lililofutwa. Muriuki alimsimamisha mbele ya darasa.

"Rasimu iko wapi?"

"Iko kichwani, mwalimu. Nikusomee?"

"Hata simu yangu inajua kusoma," Muriuki akasema, na darasa likacheka. "Nataka karatasi."

Akapeleka jina lake kwa kamati ya nidhamu. Weris akasimamishwa masomo kwa mwaka mzima, akapanda basi kwenda kwao. Muriuki hakukosa usingizi.

Muhula uliofuata aliidai rasimu kwa Hanad, kijana wa Wajir. Hanad hakungoja ruhusa. Alifumba macho akaitamka insha yake neno kwa neno. Katikati akasimama, akarudi sentensi mbili nyuma, akabadilisha neno, akaendelea. Wenzake hawakuona ajabu yoyote.

Muriuki aliipeleka habari hiyo kwa Korane, mwalimu wa dini.

"Wewe umekaa Garissa miaka kumi na moja," Korane akasema, "na hujachungulia dugsi hata siku moja? Chuo chetu cha Kurani, mtoto anaandika aya kwenye ubao, anaihifadhi, ubao unaoshwa. Kama hujaiweka kichwani, basi huna. Watoto wa huku wanapanga maneno mdomoni wakifuata mifugo. Na vitabu vya shule wanavimeza hivyohivyo, ndiyo maana mkono wao unaandika Kiswahili ambacho ulimi haujazoea. Karatasi inakuja mwisho." Akamtazama. "Mambo ya Amerika ya jana unayajua, bwana. Ya mtaa wa nyuma huyajui."

Tangu hapo insha ya Weris haikumwachia. Alikuwa ameisoma mara mbili tu, tena akitafuta kosa, lakini sasa ilimjia vipandevipande, akinyoa ndevu, akivuka daraja la Tana. Ngamia wamesimama kisimani. Ngamia hawaondoki. Darasani, kila alipowapa wanafunzi kisogo aandike ubaoni, alisikia sauti ya chini nyuma yake ikiuliza, "Nikusomee?" Akigeuka, wote wameinama wanaandika. Jumatatu alifungua habari zake akafika mwisho bila kujua alichosoma.

Angeweza kujitetea. Utaratibu ulifuatwa, kamati ndiyo iliyoamua. Watu wazima wengi huishi miaka chini ya maneno kama hayo, na Muriuki aliishi chini yake wiki tatu. Kisha akatafuta namba ya Weris, akampigia, akakiri kosa.

Kwa mbali mbuzi walikuwa wakilia.

"Mwalimu, uliniaibisha mbele ya watu arobaini. Leo unaniomba msamaha kwenye sikio moja tu."

Alhamisi, kwenye paredi, Muriuki alisimama mbele ya chuo kizima akasema kwamba alimdhulumu Weris. Kamati ikaifuta adhabu. Korane alikuwa ameyarekodi maneno yale kwa simu, wakayatuma Kutulo. Jibu lilikuja kesho yake.

"Baba amesikiliza mara tatu. Anauliza kama ni wewe kweli. Redioni walisema siku hizi sauti ya mtu inatengenezwa. Anasema niliondolewa kwa ajili ya mtambo, na huenda huyu anayeniita ni mtambo pia. Hatanipa ruhusa."

Muriuki alifikiria kutuma video. Akafikiria barua yenye mhuri. Kila alichofikiria, alikumbuka Jumatatu aliyosoma jinsi kinavyoghushiwa. Alibaki na mwili wake tu.

Barabara ya Mandera, inayofika Kutulo, mtu wa bara kama yeye haipiti hivihivi. Wapo walioteremshwa kwenye basi na wenye bunduki, wasipande tena. Mkewe, Wanjugu, alimpigia kutoka Karatina.

"Muriuki, una watoto."

"Baba yake Weris naye ana mtoto."

"Basi usiende peke yako," akasema, na hakuaga.

Korane alifuatana naye. Mzee Kulow, baba yake Weris, aliwapokea mbele ya duka, wanaume wa Kutulo wakiwa wameketi kwenye mikeka. Alimshika Muriuki kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu kama anayempima homa.

"Huyu ni mtu," akawaambia wenzake. "Simama hapo, mwalimu. Sema."

Muriuki alisema yote, hata ule mzaha wa simu na darasa lilivyocheka. Korane akatafsiri kwa Kisomali wala hakupunguza kitu.

"Mimi nimeamini," Kulow akasema. "Mengine ni ya binti."

Weris alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Nitarudi chuoni," akasema. "Lakini darasa lako sitaingia."

"Ni haki yako," Muriuki akajibu.

Weris akamimina chai, akampa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni yeyote. Basi la kurudi lilikuwa la kesho. Muriuki akaketi pale mkekani mchana kutwa, katikati ya watu waliojua alichofanya.