Kijiko cha Mzee Shaibu

Mzee Shaibu alitoka Mbekenyera, upande wa Ruangwa, akawa fundi wa mbao Nachingwea, katika karakana yenye msumeno wa mashine. Mwaka 1951, kabla msumeno huo haujapata kifuniko cha chuma, ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu hapo hakula tena sinia moja na wenzake. Alijitenga nyuma ya mbao, akafungua bakuli alilofungiwa na binti yake Hajira, akala kwa kijiko alichokibana kwa vidole viwili vilivyobaki. Mafundi walimtania kwamba amekuwa Mzungu. Alicheka nao, kisha akarudi nyuma ya mbao zake.

Miaka mitatu baadaye msimamizi wao, Fransisko, alitaka iwe sheria: bila kifuniko, mashine haiwashwi. Mafundi walikataa. Walizoea kukifungua na kukitundika ukutani, kwa kuwa kiliwachelewesha. Aliyepinga zaidi alikuwa Awadhi, mume wa Hajira. Hajira alikuwa na mimba yao ya kwanza, na wote wawili walikaa nyumba moja na mzee.

"Kinanifichia mstari wa kukatia," Awadhi alisema. "Msumeno nisiouona ndio utakaonikata. Kila mtu aachiwe mkono wake."

Fransisko akamgeukia Mzee Shaibu. Ugali ulipotengwa, mzee alinawa, akaja kuketi kwenye sinia, mkabala na mkwewe. Akamega. Tonge halikushikana, likamwagikia magotini. Akamega tena, likaangukia kwenye kisamvu. Hakuna aliyetania.

"Baba, nikuletee kijiko," Awadhi alisema taratibu.

"Kijiko kipo. Nilitaka uone ninavyokula, mwanangu. Mstari nitakuchorea juu ya meza ya msumeno, mbele ya meno yake, uufuate. Mkono siwezi kukuchongea."

Awadhi akainama. Akafinyanga tonge, akalichovya, akaliweka ukingoni mwa sinia upande wa mzee. Kisha jingine. Mzee akala.

Baada ya kunawa, Awadhi alikiteremsha kifuniko ukutani, akakifunga mwenyewe, na Mzee Shaibu akachora mstari mezani kwa penseli.

Jioni Hajira alifungua bakuli, akakuta chakula hakijaguswa. Akauliza kwa hofu baba anaumwa nini.

"Haumwi," Awadhi alimjibu. "Amekula na sisi."

Hajira akakiosha kijiko, ingawa hakikuwa kichafu, na badala ya kukirudisha bakulini akakichomeka kwenye nyasi za paa.