Dobi Aliyeuliza Ngapi

Kama kuna neno dobi huyu alilichukia mwaka ule, ni "afurahie". Alilibeba kutoka shuleni, kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mama mpole aliyemketisha kwenye kiti cha watoto mpaka magoti yakakaribia kidevu.

"Binti yako ana akili," mwalimu alimwambia, "ila anaziogopa namba. Nikimwita ubaoni anatetemeka. Akiendelea hivi itabidi arudie darasa. Sasa usimchape, wala usimtungie mitihani. Mchezeshe. Tumia kazi zako za nyumbani. La muhimu afurahie."

Afurahie! Dobi alirudi akilitafuna neno hilo njia nzima. Mtoto utamlisha, utamwogesha, utamlaza. Kumfurahisha kwa kujumlisha na kutoa kunafanywaje, tena na mtu ambaye mikono yake haitoki kwenye maji ya sabuni tangu asubuhi? Angeambiwa amchape, hilo angelielewa.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na kazi. Mtaani walisema doa likimshinda yeye, tupa nguo. Na msaidizi alikuwa naye tayari, huyohuyo binti, waliyempa jina la Kibanio kwa sababu tangu alipojua kutembea alining'inia kwenye pindo la gauni la mama yake, habanduki. Kila akitoka shule aliingia chini ya meza ya pasi na kikapu cha soksi za wateja, akawa anaitafutia kila moja pacha wake. Hakuna aliyemfundisha. Angeshika soksi mbili nyeusi ambazo wewe na mimi tungeapa ni pacha, akasema, "Hizi si za mtu mmoja, Mama. Hii imechoka zaidi." Na huku chini mdomo haukupumzika: nani kang'oka jino, nani kapigana na nani, kwa nini paka hafui nguo na ni msafi. Dobi alikuwa akijibu "ehe" na "acha bwana" huku pasi inakwenda na kurudi. Hakuwahi kumwambia mtu, ila hakuna saa aliyoipenda kama ile.

Basi akaamua kuanzia hapohapo.

"Kibanio, hizo soksi ngapi?"

"Kumi."

"Jozi ngapi?"

"Tano."

"Tukimrudishia mwenyewe jozi mbili, tunabaki na soksi ngapi?"

Mtoto alichungulia kutoka chini ya meza, akamwona mama yake kasimamisha pasi hewani, anasubiri. "Tunacheza?"

"Tunacheza."

"Mbona hucheki?"

Dobi akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kulazimisha, hata paka hakudanganyika nacho. Jibu halikuja, na pasi aliyoishusha bila kuangalia nusura iunguze shati la mteja.

Mtu mwingine angerudi nyuma. Yeye akaona dozi ni ndogo, akaongeza. Vibanio vya kwenye kamba: vingapi? Vifungo vya shati, vitatu vimekatika: vimebaki vingapi? Ngazi za kushuka uani, ambazo mtoto alizoea kuziruka kwa mguu mmoja huku akiimba, zikawa za kuhesabiwa kwa mbilimbili, na wimbo ukaisha. Mezani vijiko vilipangwa, vikaulizwa. Mama yake dobi, aliyekaa nao chumba cha nyuma na ambaye macho yalikuwa yamemwacha mkono, alivumilia weee, mwisho akaweka sahani chini.

"Mwanangu, unamlisha au unamkagua?"

"Mwalimu ndiye aliyesema, Mama."

"Mwalimu alisema mcheze. Mimi macho sina, lakini masikio ninayo, na sijasikia mtu anacheza hapa."

Dobi alikusanya vijiko kwa heshima, ila moyoni alichemka. Ni rahisi kusema ukiwa umeketi. Nani atakayeitwa shule mtoto akirudia darasa? Nani atakayekaa tena kwenye kile kiti? Baba mtu yuko njiani na lori, habari za darasa la kwanza anazipata kwa simu, na jibu lake ni lilelile, "Wewe ndiye unayejua." Yeye ndiye anayejua!

Kisha akaja karani mmoja, mteja wa siku nyingi, mkononi kashika soksi mbili. Moja nyeusi, moja ya buluu.

"Nimekunja nne mbele ya mkubwa wangu, ndipo nikaona," alisema. Hakugomba, na hilo lilimuuma dobi kuliko kugombezwa.

Alipoondoka, dobi alikipindua kikapu. Ndefu imefungwa na fupi, ya mtoto na ya mtu mzima. Akamwita binti yake.

"Kibanio, hii nini? Wewe hujawahi kukosea soksi."

Mtoto alijibu akitazama sakafu. "Nilizifunga haraka, kabla hujaniuliza."

Dobi alizirudisha soksi kikapuni. Angeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini hasira zake haziachi jambo likapita. "Mimi nahangaika hivi kwa ajili ya nani?" akafoka. "Kwa ajili yangu?" Tangu siku hiyo mtoto akitoka shule alipitiliza moja kwa moja chumbani kwa bibi, na dobi akawa anafunga soksi mwenyewe. Alikosea pia. Chumba kilikuwa kimya, akawasha redio, akaona inampigia kelele, akaizima.

Siku moja alikuwa akipeleka shuka zilizonyooshwa chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kibanio amepanda kitandani kwa bibi na khanga mkononi.

"Nimekunja mara tatu, Bibi, zimekuwa nane. Shika hapa ukingoni."

Bibi alipapasa tabaka moja moja. "Nane kweli. Umezihesabu saa ngapi?"

"Sijahesabu. Kila nikikunja, zinazaana!" Wote wawili wakaangua kicheko, mtoto akajitupa chali.

Dobi alisimama na shuka zake, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Hata mwalimu hakuwa ameomba hilo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kurudi alikotoka, na alilijua hilo vizuri kabisa. Mdomo ukamtangulia.

"Na ukikunja mara nyingine?"

Kicheko kikakatika. Kibanio aliketi, akaikunjua khanga, akaikung'uta, akaiweka juu ya nyingine.

"Sijui, Mama," alisema. "Naomba nikacheze nje."

"Nenda."

Aliposhuka uani, bibi alisema taratibu, "Kumi na sita. Juzi aliniambia."

"Sasa mbona hukuniambia, Mama? Unajua ninavyohangaika na jambo hili, hata usingizi sipati."

Bibi aliipapasa khanga ya juu. "Aliniomba nisikuambie. Alisema ukijua tu, hautakuwa mchezo tena."